Malalamiko ya Bibi Kuhusu Dari

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Tandika, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uwani. Kuta alizijenga marehemu babu kwa mikono yake, na alizijenga mpaka pale subira ilipomwishia, yaani juu kidogo ya milango. Kuanzia hapo kwenda juu hakukuwa na kitu, ila uwazi, kenchi na mabati. Ukilala chali chumbani kwako uliona paa lile lile analoliona jirani yako, na mjusi aliyekupitia wewe sasa hivi alikuwa njiani kumpitia yeye.

Joto la chini ya mabati yale sijalisahau. Mishumaa tuliyoiweka kabatini kwa ajili ya umeme kukatika ilipinda yenyewe na kulala ubavu. Mchana, tukishakula, kila mtu aliingia chumbani kwake, akatandika mkeka sakafuni na kujinyoosha hapo, maana saruji ndiyo pekee iliyokuwa na ubaridi kidogo. Kulala usingizi hasa hakuna aliyeweza, kwa hiyo tulizungumza. Hakuna aliyenyanyuka wala kufungua mlango. Maneno yalipanda, yakavuka ukuta, yakashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mwenyekiti wa mazungumzo hayo alikuwa Bibi, chumba cha mbele mkono wa kulia. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na sisi wakazi wa nyumba alitutambua kwa mwendo wa miguu. Lakini masikio yake, Mungu anisamehe, yalikuwa ya polisi. Alijua nani amekula wali na nani kashindia chai kwa kusikiliza kijiko. Alijua kwamba nimeandikiwa barua na mwanaume kwa sababu bahasha ile niliipasua taratibu, na bahasha za kazini nilizipasua kwa fujo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa kuchapa katika ofisi ya shule moja kule Chang'ombe, na Bibi aliniita mke mwenzake, kama bibi wengine wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Mke mwenza huyo hakuwa na siri hata moja.

Chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uwani, alikaa mzee mmoja mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, peke yake na redio yake. Bibi alikuwa Mzaramo wa hapa hapa mjini, kwa hiyo wawili hawa walikuwa watani, na utani waliufanya kama watu walioajiriwa. Kila alfajiri mzee aliamka akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kusafisha koo. Bibi alikuwa anakingoja.

"Mtani, bado upo tu? Mie nilishanunua sanda," alimrushia kupitia juu ya kuta nne.

"Kaivae mwenyewe, bibi kizee. Mie naamka kula urithi wako," mzee alijibu, na hapo ndipo siku ya nyumba yetu ilipoanza. Matusi yaliendelea kwa awamu mpaka magharibi.

Wengine walikuwa mchonga vinyago wa Newala, ambaye nyundo yake ilikuwa saa yetu ya ukutani, mama mmoja muuza maandazi na watoto wake watatu, na maharusi. Maharusi niliwaonea huruma. Walikuwa na miezi minne ya ndoa na hawajawahi kusemeshana kwa sauti ya kawaida, walinong'onezana hata wakiulizana sabuni iko wapi. Bibi alisikia minong'ono yote na akawa anawajibu, kwa nia njema kabisa, kwamba sabuni wameiacha uwani.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yalijaa vitu ambavyo utoto wetu haukuvijua, na wafadhili nao walikuja kila mmoja na lake. Mmoja, kutoka nchi ya baridi, aliungana na halmashauri kuleta mpango wa kupunguza joto katika nyumba za watu wa kipato cha chini. Tuliitwa mkutanoni kwenye shule ya msingi, watu wazima tukabanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa videvu. Afisa wa mpango alikuwa kijana mpole mwenye suti ya Kaunda na kipimajoto mfukoni. Alituonyesha kipande cha silingi bodi, yaani ubao wa kufungia dari, kinene, chepesi, rangi ya kijivu, akaeleza kwamba kule kwa wafadhili bodi hizi zinazuia joto lisitoke nje, na huku kwetu zitazuia joto lisiingie ndani.

Mzee wa reli akanyoosha mkono. Akataka kujua bodi itatambuaje kwamba imeshafika Tandika, na kama kuna hatari ya ile iliyozeeka kusahau na kuanza kufanya kazi ya kwao. Afisa alisema swali ni zuri na litapelekwa kwa wataalamu. Bibi alicheka mpaka dawati likalia.

Ruzuku ilikuwa ya bure kabisa, fundi na misumari juu yao. Nyumba zitakazochaguliwa, afisa alisema, zitawekwa alama. Hakusema alama gani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Walipita vijana wawili wakati wengi wetu tuko makazini, na jioni tukakuta kila nyumba iliyopata bahati ina msalaba mwekundu ukutani, mkubwa, unaochuruzika. Sasa mtu yeyote wa Dar anajua maana ya alama nyekundu ukutani. Maana yake ni kwamba nyumba yako iko katikati ya barabara ya mtu, na itabomolewa. Bibi alipoambiwa kuna msalaba mwekundu pembeni mwa mlango wake hakuuliza maswali. Alimtuma mchonga vinyago akaleta chokaa, akaisimamia kazi mwenyewe kwa kupapasa ukuta na kiganja, na kabla ya chakula cha jioni alama haikuwepo. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Asubuhi yake Tandika yetu ilikuwa nyeupe kama siku ya Idi.

Lori la bodi lilipokuja, mafundi walizunguka mtaa mara mbili wakitafuta nyumba zenye alama. Waliipata moja, ya bwana mmoja aliyekuwa safarini, ambayo wapangaji wake hawakujali ikibomolewa. Wakaifunga dari, wakaondoka na bodi zilizobaki.

Habari zilipoenea, watu walipaka alama upya kwa mikono yao, kila mmoja na rangi aliyokuwa nayo. Kulikuwa na misalaba ya bluu, ya kijani, na mmoja wa masizi. Mtu mmoja alichora kwenye banda la kuku. Bibi alisema sisi tutafuata njia ya kiofisi, akanitazama mimi, au alitazama mahali alipodhani nipo.

Niseme ukweli, nilijivunia barua zangu. Hiyo ya kuomba alama niliichapa kazini wakati wa mapumziko, na kichwa chake kilikuwa "Yah: Kuomba Kurudishiwa Alama Nyekundu". Nikaanza na kichwa cha habari hapo juu chahusika, nikaeleza kwamba mwombaji ni mjane asiyeona vizuri, kwamba alifuta alama ya serikali kwa hofu na si kwa dharau, na kwamba sasa ameelewa na anaomba aandikwe tena. Nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa balozi wa nyumba kumi, nakala kwa jalada. Bibi aliongeza sharti lake kwamba safari hii wampake pembeni zaidi, mlangoni panatia haya. Barua ikafanya kazi. Alama ilirudi, lori likarudi, na Bibi akabandika dole gumba kwenye fomu iliyosema mwenye nyumba hatatoboa, hatakata wala hataondoa bodi, na akifanya hivyo zitang'olewa zipewe nyumba nyingine. Kwa hiyo lile dari lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelileta.

Mafundi walifanya kazi siku mbili. Walipigilia papi, zile mbao nyembamba, juu ya kuta na bodi chini ya papi, kona hadi kona, wakaziba hata mianya ya vidole. Na joto lilipungua, sitasema uongo. Mishumaa ilinyooka. Mama wa maandazi alikaa chumbani mchana akashona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie. Siku ya kwanza tulikuwa tunaingia na kutoka vyumbani ili tu tusikie tofauti ya hewa mlangoni.

Mchana huo nilitandika mkeka wangu kama kawaida, nikalala chali, nikaona ubao wa kijivu. Sikusikia mtu. Baadaye Bibi aliniambia kwamba alimwita mtani wake mara tatu na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyomrudia usoni.

Sisi wengine tulifurahi mno. Mama wa maandazi aligombeza wanawe kwa uhuru. Mimi niliimba, na sauti yangu si ya kuimba. Maharusi walinunua redio kaseti, wakawa wanaifungulia mpaka mwisho, na bibi harusi akaanza kutoka uwani kila asubuhi akitabasamu na kuitikia salamu kwa sauti iliyotushangaza, nene na nzuri. Hatukuwa tumewahi kuisikia.

Bibi peke yake ndiye aliyelalamika, na tukadhani amekosa umbea. Mimi nilidhani hivyo. Nilimwambia hata usoni, kwa mzaha, kwamba kituo chake cha redio kimefungwa. Hakucheka. Alichukua fimbo yake akaanza kuzunguka milangoni. Hodi chumba cha kwanza, hodi cha pili, mchana mara tatu, na kila mlango ulipofunguliwa alikuwa na swali lisilo na maana. Aliomba chumvi huku ameshika chumvi. Aliwauliza maharusi kama leo ni Jumanne. Aliuliza kama ni Jumanne siku nne mfululizo.

Baada ya wiki tatu wapangaji walichoka, wakaamua kupeleka malalamiko kwa balozi. Walikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye taipureta. Siku hiyo hiyo asubuhi Bibi alikuwa ameniagiza nimwandikie barua halmashauri, kulalamikia dari. Kwa hiyo nilikaa na barua mbili, moja ya Bibi akilalamika na nyingine ya kumlalamikia Bibi, nikazichapa kwa utepe mmoja, na kwa ufasaha uleule. Ile ya wapangaji ilitaja usumbufu wa kugongewa milango bila sababu ya msingi. Sentensi hiyo ilikuwa yangu. Niliipenda.

Balozi alikuja akazungumza na Bibi kwa heshima zote, shikamoo mbili, akanywa chai, akaeleza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hatagonga tena mlango wa mtu ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe mpaka aitwe, akaiweka fimbo nyuma ya mlango.

Jibu la halmashauri lilikuwa fomu ya malalamiko. Ilikuwa na visanduku vinne: dari linavuja, dari limepasuka, dari limeanguka, na mengineyo. Tukatia alama kwenye mengineyo. Mbele yake kulikuwa na mstari mmoja wa maelezo, na Bibi alinipa maneno ya kurasa mbili. Nilibana nikaandika: "Tangu dari liwekwe, mwenye nyumba hasikii." Baada ya majuma mawili ikaja barua yenye muhuri, ikimpa pole na kumshauri aende kliniki ya masikio.

Nilimsomea. Alijiweka sawa kwenye kigoda chake, mikono magotini.

"Masikio yangu mie mazima," alisema. "Nyumba ndo imekuwa kiziwi. Waandikie hivyo."

Sikuwaandikia. Nilisema nitaandika kesho, na kesho ikawa na kazi nyingine.

Katika siku hizo hizo yule mwanaume wa bahasha aliniandikia barua ya mwisho, fupi, kwamba amepata kazi Mwanza na amepata na mke. Nilijifungia nikalia. Nililia kwa sauti, kwa sababu dari liliniruhusu, nikalia tena baada ya kula, na siku ya pili pia. Zamani nisingeweza hata kupenga kamasi bila Bibi kujua, na angenisubiri uwani na kikombe cha uji wa tangawizi bila kuuliza kitu. Nilijifuta, nikatoka. Bibi aligeuza uso kufuata miguu yangu, akaniuliza kama nimenunua nazi. Niliumia kwa swali lile kuliko nilivyoumia kwa barua, na nilikasirika naye, wakati mimi ndiye niliyemzibia.

Basi ikaja Alhamisi moja. Nilitoka kazini saa tisa na nusu, jua kali, viatu vinanibana, ndoto yangu ikiwa ni mkeka tu. Bibi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, hana fimbo, ameshika ukuta.

"Mke mwenza," alisema. "Leo sijatukanwa."

Nikamwambia ashukuru Mungu.

"Sijatukanwa tangu asubuhi. Uwani anakonitukania siku hizi hajapita. Kamgongee, mie nimeapa."

Nilinung'unika, nasema kweli. Nilisema mzee ana haki ya kupumzika na utani una likizo yake. Nikaenda huku naburuza miguu ili ajue nimechoka. Niligonga, kimya. Niligonga tena, nikaweka sikio kwenye ubao, na nikasikia kwa mbali sana, kama mtu aliye ndani ya pipa, sauti ikitukana. Ilikuwa inatukana Wazaramo wote, kabila zima, kuanzia Kisarawe mpaka baharini.

Mchonga vinyago aliufungua mlango kwa patasi. Mzee wa reli alikuwa amesimama juu ya kitanda chake cha kamba, au tuseme nusu yake ilikuwa juu na nusu chini. Waya wa redio yake, ule wa kunasa mawimbi, zamani ulipita kwenye uwazi mpaka kwenye bati, na dari liliukata. Asubuhi ile, baada ya chai, alipanda kitandani aone kama atauchomeka mahali, kamba zikakatika, mguu mmoja ukazama mpaka pajani na kamba zilizobaki zikambana. Kifundo kilikuwa kimevimba kama embe dodo. Alikuwa ameita tangu saa mbili. Aliita kila mtu kwa jina, kisha kwa cheo, kisha kwa kabila. Upande mmoja mama alikuwa sokoni, upande mwingine kaseti ya maharusi ilikuwa inapiga kwa nguvu zote. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alipomwona Bibi mlangoni anapapasa hewa alianza kulia, mzee wa miaka sabini, akageuza uso ukutani ili tusimwone.

Bibi hakumwona, lakini alisikia.

"Sanda yako ninayo bado," alimwambia taratibu. "Ila naona hujaiva."

Tulimkatia kamba, tukampa maji, bwana harusi akambeba mgongoni mpaka hospitali. Mguu haukuvunjika. Jioni wapangaji wote tulikaa uwani na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Bibi harusi ndiye aliyesema kile tulichokuwa tunakifikiria, kwa sauti ile yake mpya: kwamba Bibi alikuwa hasikilizi maneno yetu, alikuwa anatuhesabu. Kikohozi kimoja, kijiko kimoja, nyundo moja, wote wapo. Alipokosa kusikia ndipo alipoanza kuhesabu kwa hodi, na sisi tukamshtaki. Walinitazama. Nikakumbuka sentensi yangu kuhusu sababu ya msingi, nikatamani ardhi inimeze.

Siku iliyofuata mchonga vinyago alipanda kwenye meza na patasi zake. Alitoboa tundu moja katika kila chumba, pembeni, pale ukuta unapokutana na dari, la ukubwa wa sahani ya chai. Sauti ingepanda tunduni, ikatembea juu ya bodi na kushuka kwenye matundu mengine. Kwa vile alikuwa fundi wa kweli hakuweza kuacha tundu tupu, kila moja alilichongea ukingo wa majani na mikia ya samaki. Maharusi waliomba la kwao liwe na mfuniko. Bibi alikubali mara moja, akasema yeye si mshenzi, ila asubuhi lifunguliwe.

Joto lilirudi kidogo, si kama mwanzo. Alfajiri ya Jumamosi nilisikia kikohozi mara mbili, na Bibi akaanza na sanda yake. Nilivuta shuka nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, na nilipotoka uwani uji wa tangawizi ulikuwa umeshaiva. Hakuniuliza kitu.

Tatizo lilibaki moja, ile fomu ya dole gumba. Hatutatoboa, tulisema, na tumetoboa mara sita kwa nakshi. Afisa alikuja kwa ukaguzi mwezi uliofuata, suti ileile, kipimajoto kilekile. Aliingia chumba cha Bibi, akainua macho, akasimama. Akaenda chumba cha pili. Alipomaliza sita alirudi ukumbini, amekunja uso, na akasema kwa masikitiko kwamba kanuni ni kanuni, bodi zitabidi zing'olewe. Mama wa maandazi alishika kichwa. Mimi nilianza kueleza kwa lugha ya barua, nikataja mzunguko wa hewa. Bibi alinigusa mkono ninyamaze.

"Mwanangu," alimwambia, "mama yako yu hai?"

Afisa alisema yuko hai, yuko kwao Iringa.

"Anakaa na nani?"

Peke yake, alisema, nyumba nzuri tu, alimjengea yeye mwenyewe.

"Akiamka asubuhi, nani anajua kama kaamka?"

Kijana alirudisha kipimajoto mfukoni. Bibi akainua uso kuelekea tunduni, akakohoa mara mbili. Kutoka chumba cha mwisho, ambako mzee alikuwa amelala na mguu juu ya mto, kikaja kikohozi kikavu, na baada yake tusi moja zito kuhusu Wazaramo na kula kaa wa pwani. Kisha mchonga vinyago akakohoa. Watoto wa mama wa maandazi wakakohoa wote watatu, mdogo akazidisha. Bibi harusi akakohoa, mumewe akakohoa. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimesimama ukumbini pembeni ya afisa, na changu kilitoka kibovu.

"Vyumba sita," Bibi alisema. "Tupo wote."

Afisa alifungua jalada lake akaandika kwa muda mrefu. Nilichungulia juu ya bega, tabia ya makarani. Kwenye nafasi ya kasoro alikuwa ameandika matundu sita. Kwenye nafasi ya sababu aliandika mengineyo, akapiga mstari. Bodi hazikung'olewa. Mlangoni, wakati anavaa viatu, alimwuliza mchonga vinyago kama kazi ile inachukua siku nyingi, na kama anaweza kusafiri mpaka Iringa.

Sasa nakaa Bunju, nyumba yangu mwenyewe, na dari ni la jipsam. Fundi alipolifunga nilimwambia aache nafasi juu ya kila mlango wa chumba. Akauliza ya nini, nikamwambia afanye tu. Wanangu, ambao ni wakubwa sasa, wanalalamika kila likizo kwamba nyumba hii haina faragha. Nimewaambia waandike barua. Asubuhi nikiamka nakohoa mara mbili, nasubiri. Wa mwisho ndiye hujibu, kwa hasira, kutoka chini ya shuka, kwamba yupo, na kwamba nimwache alale.